Milimita za lenzi: zina maana gani kwa mpiga picha wa ndege

Lenzi ikiandikwa 150-600mm, wengi hudhani namba hizo ni umbali ambao lenzi inaona. Sivyo, lenzi yoyote inaona hadi mwezini. Huo ni urefu wa fokasi, na ndio unaoamua ndege ataangukia kwenye kihisi cha kamera, yaani kile kibapa kinachopokea picha, akiwa na ukubwa gani.

Hesabu yake ni nyepesi. Mchukue chozi, ndege mdogo wa sentimita 10, ametua kwenye ua la mshubiri, mita 10 kutoka uliposimama. Gawanya urefu wake kwa umbali huo, kisha zidisha kwa urefu wa fokasi. Kwa lenzi ya 200, taswira yake ni milimita 2. Kwa 400 ni 4. Kwa 600 ni 6. Kihisi cha fremu kamili kina upana wa milimita 36, kwa hiyo hata kwa 600 chozi anajaza sehemu moja tu ya sita ya upana wa picha. Lakini ukimnyatia hadi mita 5, lenzi ya 400 inakupa milimita 8. Ndiyo maana nasisitiza kujifunza kunyata kabla ya kukopa hela ya lenzi.

Kwenye kamera ya kihisi kidogo, chenye upana wa milimita 24 hivi, milimita 6 zilezile ni robo ya upana wa picha. Ndege hajakua, fremu ndiyo iliyopungua.

Kwa nini basi lenzi ya kuvuta? Nenda Naivasha, umngoje furukombe ashukie samaki. Mabawa yakikunjuliwa yanafika mita 2 na zaidi. Akiwa mita 20, kwa 600 taswira yake ni milimita 60, nje ya fremu kabisa. Rudisha hadi 200 na mabawa yote yanaingia, na nafasi inabaki. Zungusha mapema, akiwa bado angani.

Namba ya pili, f/6.3 kwa mfano, ni tundu la mwanga. Gawanya 600 kwa 6.3: tundu la milimita 95. Kioo kipana namna hiyo ndicho kinachofanya Sony 200-600mm iwe na kilo 2 na ushei. Canon RF 100-400mm ina gramu 635 tu, kwa sababu kwenye 400 inaishia f/8, yaani milimita 50. Ziwani kwenye jua, nyepesi hiyo inatosha sana. Ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke alfajiri, utautamani ule mwanga uliouacha dukani.

Na heroe walio mita 300, saa saba mchana? Hewa ya moto juu ya maji hutetemeka, na milimita 600 zinaukuza mtetemo huo pamoja na ndege. Hapo funga begi, urudi kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi.