Neno "Huru" katika "Shule Huru ya Kikatoliki"

Ndugu yetu mmoja anayeishi Uingereza alikuwa akimtafutia mwanawe shule, na tulipozungumza kwa simu akaniambia kwamba ameiacha moja aliyoipenda kwa sababu ni "shule huru ya Kikatoliki", yaani, kwa maelezo yake, shule iliyojitenga na Kanisa na ambayo askofu hana sauti ndani yake. Si mara ya kwanza kuisikia tafsiri hiyo. Nimewahi kuisikia hata kwa katekista, na nadhani sasa imezidi.

Shule huru ya Kikatoliki ni shule ambayo Kanisa linaitambua kuwa ni yake kiimani, ila haiendeshwi kwa fedha za serikali, au haiendeshwi na ofisi ya jimbo la Kanisa, yaani eneo la askofu, wala parokia. Ina bodi yake, hutegemea ada na wafadhili, na humwajiri mkuu wake yenyewe. Maana yake ni hiyo tu. Taabu imo katika neno "huru".

Neno hili limetoka katika Kiarabu, ambako "hurr" ni mtu asiye mtumwa, na katika Kiswahili halijapoteza mlio wa minyororo inayokatika: tukitaja nchi huru, mara moja tunamkumbuka mtawala aliyefungasha virago. Msomaji wa Kenya ana sababu ya ziada ya kupotoka, kwa kuwa shule huru za Wakikuyu, zilizoenea baada ya mgogoro wa tohara ya wasichana wa mwaka 1929, zilianzishwa hasa na watu waliozipa kisogo misheni za Kiprotestanti, na serikali ya kikoloni ikazifunga wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Tena yapo makanisa yanayojiita ya Kikatoliki yasiyo na ushirika na Roma, kama yale ya Wakatoliki wa Kale yaliyoungana huko Utrecht mwaka 1889. Kwa hiyo anayesikia "huru" na "Katoliki" katika pumzi moja akadhani kuna farakano, simlaumu sana. Amekosea, lakini amekosea kwa Kiswahili sanifu.

Swali la kuuliza ni: aliyewekwa kando ni nani? Jibu hubadilika kwa nchi. Nchini Uingereza shule nyingi za Kikatoliki hulipiwa na serikali, kwa utaratibu uliojengwa na sheria ya elimu ya mwaka 1944, hivyo shule inayoitwa huru huko ni ile isiyokula katika mfuko huo, kama Stonyhurst, iliyoanzishwa na Wajesuiti mwaka 1593 ng'ambo ya bahari, huko Saint-Omer, kwa sababu elimu ya Kikatoliki ilikuwa marufuku Uingereza, na ikahamia Lancashire mwaka 1794. Nchini Marekani shule za Kikatoliki kwa kawaida ziko nje ya mfumo wa serikali, kwa hiyo "huru" huko hutofautisha shule ya parokia au ya jimbo na ile inayosimamiwa na bodi yake au shirika la watawa. Tanzania, baada ya sheria ya mwaka 1969 kutaifisha shule nyingi za madhehebu, shule ambazo Kanisa linaziendesha leo huitwa tu za binafsi, neno ambalo nalo lina udhia wake, maana humfanya mtu afikirie mfanyabiashara na duka lake.

Katika nchi zote hizo, aliyewekwa kando si Kanisa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 803, inakataza shule yoyote kujiita ya Kikatoliki bila ridhaa ya mamlaka halali ya Kanisa, hata kama kwa kweli ni ya Kikatoliki. Kanuni ya 806 inampa askofu wa jimbo haki ya kuzisimamia na kuzitembelea shule hizo, zikiwemo za watawa, na hapo hapo inawaachia watawa mamlaka ya uendeshaji wa ndani. Uhuru unaozungumzwa, basi, umeandikwa na Kanisa lenyewe.

Kosa la pili ni kudhani kwamba shule huru ni shule pweke. Upweke ni hatari yake kweli: mkuu wa shule, ambaye siku hizi mara nyingi ni mlei, yaani muumini asiye padre wala mtawa, kwa kuwa watawa wamepungua, kwa kawaida hana ofisi ya elimu ya jimbo ya kumbebea mzigo. Serikali ya Uingereza ilipoanza kutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 kwenye ada za shule za binafsi, Januari 2025, kila bodi ililazimika kupiga hesabu zake. Ndiyo maana shule hizi hujiundia umoja, ili wakuu wakutane, washauriane kuhusu uongozi na kukumbushana karama ya waasisi. Shule za Moyo Mtakatifu nchini Marekani, ambazo mizizi yake ni ile iliyofunguliwa na mtawa Philippine Duchesne huko Missouri mwaka 1818, zina bodi mbalimbali lakini zimefungwa pamoja na malengo matano, na kila moja hupimwa kwayo.

Nilimshauri ndugu yetu aseme "shule ya Kikatoliki yenye bodi yake", kisha aende kumwuliza mkuu ni lini askofu alifika mara ya mwisho. Akalalamika kwamba jina hilo ni refu mno. Ni refu kweli, ila bado nafasi ya mtoto haijachukuliwa.