Ule uso wa Amboni hajachonga mtu

Jamani kila anayetoka mapango ya Amboni hapa Tanga anakwambia kaona sura ya mzee ukutani, eti wahenga waliichonga, wengine jini. Hapana bwana. Lile jiwe la chokaa, maji ya mvua yana katindikali kidogo yamelimung'unya taratibu miaka na miaka yakaacha mashimo na vinundu, sasa ubongo wetu ukiona vishimo viwili na ufa chini yake basi ushamaliza, macho na mdomo hayo! Hata sayari ya Mars, chombo cha anga cha Marekani, Viking 1, kilipiga picha mwaka 1976 watu wakaona uso, 2001 ikapigwa picha kali zaidi, kumbe kilima tu. Ukienda Amboni sogeza tochi pembeni, pua yote inapotea, ilikuwa kivuli.