Barabara ya Morogoro na bonde la Jangwani

Kazi yangu ni kupanga safari za mabasi, na kila ninapoulizwa kwa nini usafiri wa Dar es Salaam uko ulivyo, huanzia Barabara ya Morogoro, hasa pale inapoteremka kutoka Magomeni Mapipa hadi bonde la Mto Msimbazi, pale Jangwani, kabla ya kupanda kuelekea Fire na Kisutu.

Kwanza ilikuwa njia ya kwenda bara. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965 na Zambia kubanwa upande wa kusini, malori yaliyopeleka mafuta Zambia na kurudi na shaba yalipita humu. Wakati huohuo Magomeni, Manzese na Ubungo palikuwa pakijaa watu waliohitaji kufika Kariakoo na Posta kila asubuhi. Shirika la mabasi la UDA, lililoundwa mwaka 1974, lilielemewa mapema, na magari yaliyoitwa chai maharage yakabeba abiria kinyemela, hadi serikali iliporuhusu mabasi ya watu binafsi mwaka 1983. Nauli yake ya shilingi 5, yaani dala, ndiyo iliyozaa jina la daladala.

Mwendokasi, yaani mfumo wa mabasi ya haraka ya jiji, ulianza Mei 2016, ukiwa na njia za kilomita 20.9 pamoja na matawi ya kwenda vituo vya Morocco na Gerezani. Wengi husifu njia yake ya pekee katikati ya barabara. Mimi husifu zaidi mambo mawili yasiyozungumzwa sana: abiria hulipa kabla ya kupanda, hivyo basi halisubiri kondakta amalize kukusanya nauli, na kwenye vituo njia hupanuka ili basi la haraka lilipite lile lililosimama. Bila upanuzi huo, basi moja bovu lingezuia msururu mzima. (Kituo kinapofurika jioni, jina lenyewe hugeuka dhihaka, nami sibishi.)

Ubungo ilipata nafuu ya foleni mwaka 2021, daraja la juu la Kijazi lilipofunguliwa na mabasi ya mikoani kuhamia Mbezi. Jangwani ndiko shida ilikobaki. Msimbazi unapofurika, barabara hufungwa na mfumo hukatika vipande viwili, kwa sababu basi la mita 18 haliwezi kugeuza popote wala kujipenyeza mitaa ya Kigogo kama daladala ifanyavyo. Vibaya zaidi, karakana ya mabasi ilijengwa ndani ya bonde hilohilo, na mafuriko ya mwaka 2018 yaliyakuta mabasi yakiwa yameegeshwa humo.

Kwa hiyo watu wanaponieleza kwa furaha kuhusu daraja refu la Jangwani, huwauliza mabasi yatalala wapi. Daraja litainua barabara juu ya maji, ila basi lililokwama karakanani usiku wa mvua halitafika Kimara, mwisho wa njia, alfajiri, hata daraja likiwa kavu.