Je, wajua kwa nini kumwagia picha chenga hakuifanyi ionekane ya mkanda?

Nilikuwa na uhakika kabisa na hili: ukitaka picha ya dijitali ionekane kama imepigwa na kamera ya mkanda, unaipausha kidogo, weusi unaufanya kijivu, halafu unaimwagia chenga juu (vile vidotidoti kama mchanga, kwa Kiingereza grain), kwisha kazi. Nimefanya hivyo muda mrefu sana na kila mara ninachopata ni picha ya dijitali chafu, kama lenzi imefutwa na shati lenye vumbi. Nikadhani shida ni kiasi, nikaongeza, ikawa mbaya zaidi, nikapunguza, ikarudi kuwa dijitali ileile.

Kumbe wazo lenyewe ndilo lilikuwa bovu. Nilidhani chenga ni uchafu uliokaa juu ya picha. Kwenye mkanda hakuna picha upande huu na chenga upande ule, chenga ndiyo picha, ukizitoa zote unabaki na plastiki inayopitisha mwanga tu. Ni sawa na kumwambia mtu atoe matofali ukutani ili aone ukuta vizuri.

Na hilo la kupausha tulimalize hapahapa maana nalo nililishikilia sana. Picha ya mkanda iliyosafishwa vizuri ina weusi mzito tu. Ule upauko tunaoukumbuka mara nyingi ni rangi zilizochoka kwa umri ndani ya albamu, au skani iliyofanywa kwa haraka. Yaani wengi tukisema "muonekano wa mkanda" tunamaanisha muonekano wa uzee, si dhambi, ila ni vitu viwili tofauti.

Sasa chenga zinatoka wapi? Kwa kifupi, mkanda ni plastiki iliyopakwa jelatini yenye punje ndogo mno za chumvi ya fedha (fedha ya madini, siyo ile inayoisha mfukoni). Punje ikipigwa na mwanga wa kutosha, atomi chache tu za fedha zinajikusanya mahali fulani juu yake, na hizo zinatosha, ukiitia kwenye dawa ya kusafishia punje nzima inageuka fedha nyeusi. Isiyopata mwanga wa kutosha inaoshwa na kuondoka. Hakuna punje ya kijivu, ni ndiyo au hapana. Kijivu tunachokiona ni mchanganyiko wa walioitika na wasioitika, ukiangalia kwa mbali.

Hapa ndipo panaponifurahisha. Chukua mvua ndio mwanga. Mvua inaanza kudondoka kwenye sakafu kavu ya saruji: mwanzoni kuna vidoa vichache, sakafu bado inaonekana safi. Ikifika katikati, nusu imelowa nusu kavu, ndio madoadoa yanakuwa makali kuliko wakati wowote, maana kila sehemu ina ubishi wa kulowa na kutolowa. Ikiendelea, sakafu yote inalowa, madoa yanamezana, inarudi kuwa laini tena. Kwa hiyo mabaka yanaishi katikati, si kwenye ncha. Ndivyo ilivyo kwenye picha nyeusi na nyeupe: chenga unaziona zaidi kwenye kijivu, kwenye ngozi, ukuta, anga lenye mawingu, na weusi kabisa unabaki mtulivu.

Mvua hiyohiyo sasa inyeshee ndoo ndogondogo zilizopangwa kwa mistari. Hiyo ndiyo sensa (kihisi mwanga) ya kamera ya dijitali, kila ndoo ni pikseli na kazi yake ni kupima imepata kiasi gani. Mvua ikiwa kidogo, ndoo moja imepata matone 3 na jirani yake 6, tofauti ni mara mbili, inaonekana. Ikiwa kubwa, huyu ana 1000 yule ana 1030, nani atajua. Kwa hiyo noizi ya dijitali, yaani vidoti vyake vya ovyo, inakaa gizani, kwenye vivuli. Mimi nilikuwa namwaga chenga sawasawa kila mahali, pamoja na kwenye weusi, kwa hiyo jicho lilisoma "simu, usiku" badala ya "mkanda".

Ila mfano wa sakafu unarahisisha mambo. Punje zina saizi tofauti na zimelaliana tabaka juu ya tabaka, na kwenye negativu yenyewe (mkanda uliosafishwa, ambao mwanga na giza vimegeuzwa) chenga huendelea kuongezeka kadiri inavyozidi kuwa nyeusi, karatasi ya kuchapia ndiyo inayobana ncha mbili, weusi na weupe. Rangi nazo zina mambo yake: fedha yote inaondolewa wakati wa kusafisha, kinachobaki ni vijiwingu vya rangi mahali punje zilipokuwa, na negativu ya rangi iliyokosa mwanga huchafuka vivulini vilevile. Kwa hiyo kanuni ya katikati ichukue kama mwanzo tu.

Kwenye kuediti, basi: punguza chenga kwenye weusi na kwenye weupe, ziache zitawale katikati. Lightroom, programu ya kuediti picha, ina slaida tatu za chenga, kiasi, ukubwa na mparuzo, na mimi kwa ujinga niligusa ya kwanza tu. Ukubwa ndio mtego, chenga za pikseli mojamoja zilizojipanga kwenye gridi hazifanani na kitu chochote cha mkanda. Halafu kinara wa makosa: kuweka chenga kwenye picha kubwa kisha kuipunguza saizi, hapo pikseli jirani zinawekewa wastani na chenga zinayeyuka. Punguza kwanza, chenga mwisho. Kodak, watengenezaji wa mikanda, wenyewe walilijua suala la saizi, ndiyo maana kwa negativu za rangi walileta kipimo cha Print Grain Index kinachotegemea picha imekuzwa kiasi gani, ambapo 25 ndio takriban mahali jicho linaanza kuona chenga. Mkanda uleule, ukiuchapa kidogo ni laini, ukiukuza ni mchanga mtupu.

Kituko cha mwisho ni cha video. Chenga ni ngumu sana kubana (kupunguza ukubwa wa faili) kwa sababu hazirudii, kila fremu ina zake. Kwa hiyo AV1, mfumo wa kubana video uliotoka 2018, una njia hii: chenga zinaondolewa kabla ya kubana, zinapimwa tabia, zinatumwa namba chache, kisha kifaa chako kinatengeneza chenga nyingine mpya kabisa na kuziweka juu. Na kati ya namba zinazotumwa kuna jedwali linalosema chenga ziwe na nguvu kiasi gani kwa kila kiwango cha mwanga.