Mishahara ya madaraja mawili: maana yake na jinsi inavyofanya kazi

Mishahara ya madaraja mawili ni utaratibu ambao kiwanda huwalipa watu wanaofanya kazi ile ile viwango tofauti vya ujira kwa kuangalia tarehe waliyoajiriwa. Waliokuwapo kabla ya siku fulani hubaki na kiwango cha zamani, na walioingia baada yake huanza na kiwango cha chini ambacho, katika mikataba mikali zaidi, hakikifikii kile cha zamani hata miaka ikipita.

Jambo hili lisichanganywe na nyongeza ya mwaka. Katika ngazi za kawaida za mshahara, mgeni wa leo hupanda zile zile alizopanda mwenzake aliyemtangulia. Hapa ngazi ni mbili, na ile ya pili imekatwa katikati.

Mfano unaojulikana sana ni wa viwanda vya magari vya Marekani. Mwaka 2007, General Motors, Ford na Chrysler, zikiwa zimeelemewa na gharama za pensheni na matibabu ya wastaafu, zilitia saini na chama cha wafanyakazi cha UAW mikataba ya hali bora iliyoruhusu waajiriwa wapya kuanza na takriban dola 14 kwa saa, wakati wakongwe walikuwa wakipata dola 28 hivi. Wapya walikosa pia pensheni ya zamani na bima ya matibabu baada ya kustaafu. Hivyo anayefunga bolti za mlango wa kushoto na anayefunga za mlango wa kulia waliweza kuwa zamu moja, gari lile lile likipita mbele yao kwa kasi ile ile, na saa ikiisha mmoja amepata nusu ya ujira wa mwenzake.

Faida ya mwajiri iko wazi: hampunguzii mshahara mtu yeyote aliyepo, bali husubiri wakongwe wastaafu, na kila anayeondoka nafasi yake hujazwa kwa bei nafuu. Swali gumu ni kwa nini chama cha wafanyakazi kikubali. Jibu liko kwenye kura. Mkataba huidhinishwa na walioko kazini, na mtu ambaye bado hajaajiriwa hana kura, kwa hiyo mzigo hutuliwa kichwani mwa asiyekuwapo. Kwangu mimi, huo ndio ubaya mkubwa wa utaratibu huu, hata pale ulipokubaliwa kwa nia ya kuokoa ajira.

Lakini wasiokuwapo huja, huongezeka, na hupiga kura. Mwaka 2015 wafanyakazi wa Fiat Chrysler, yaani Chrysler ile ile baada ya kuungana na Fiat, waliukataa mkataba wa kwanza walioletewa, madaraja yakiwa miongoni mwa malalamiko makubwa, na mkataba uliofuata ukawapa wapya njia ya kufikia kiwango cha juu baada ya miaka 8. Mgomo ulioanza Septemba 15, 2023, katika kampuni zote tatu, uliipunguza miaka hiyo hadi 3. Pensheni haikurudi: aliyeajiriwa baada ya mikataba ile ya 2007 huchangiwa na kampuni katika akaunti ya akiba, ambayo thamani yake siku ya kustaafu hutegemea hali ya masoko ya mitaji, ilhali mkongwe aliyefanya naye kazi bega kwa bega hupokea kiasi kinachojulikana kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake.