Je, wajua kwa nini bodi ndogo haijui kama ina sloti ya memori kadi mpaka iandikiwe?

Chomoa diski yenye Linux kwenye kompyuta ya mezani, ichomeke kwenye kompyuta nyingine ya kampuni tofauti kabisa, mara nyingi inawaka tu bila neno, inaangalia huku na huku, hii diski, hii kadi ya mtandao, hii ya picha, haya kazi inaendelea. Sasa chukua memori kadi ya Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, uitie kwenye bodi nyingine ndogo yenye prosesa ya aina ya ARM, zile ambazo madogo wa vyuo hapa Arusha wananunua kufanyia projekti ya mwaka wa mwisho. Kimya. Kitaa cha umeme kinawaka, skrini nyeusi, na dogo anaanza kulaumu kadi eti feki.

Kadi inaweza kuwa nzima kabisa. Sehemu ya tatizo ni kwamba kila chipu ina staili yake ya kuanza kuwaka, hilo tulipite, halina utamu. Utamu uko hatua inayofuata, maana hata ukifanikiwa kuifikisha kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wenyewe, kwenye ram, kwenye bodi za namna hii kerneli inaamka haijui iko wapi. Haijui sloti ya kadi iko upande gani, haijui hata kama ipo, na haina wa kumuuliza.

Kwenye PC wa kuuliza yupo. Vifaa vingi vinakaa kwenye PCI, yaani njia ya pamoja ya kuunganishia vifaa, na kila kifaa cha PCI kina kitambulisho ndani yake, namba ya kampuni na namba ya kifaa, kerneli inauliza wewe nani, kifaa kinajibu. Ukiona namba ya kampuni ni 8086 ujue huyo Intel, ndo jina la prosesa yao ya zamani, na wao wana vituko vyao. Diski za NVMe nazo zinajitaja hivohivo, na yanayobaki yanatajwa na ubao mama wenyewe kupitia majedwali ya ACPI. Kwenye chipu ya ARM ya bei chee hakuna mambo hayo. Kontrola ya memori kadi, yaani saketi inayoongea na kadi, imejengwa ndani ya chipu, imekaa kwenye anwani fulani, imetulia. Usipoijua anwani huwezi kuiongelesha, na ukibahatisha anwani isiyo na kitu bodi nzima inaweza kuganda.

Halafu kuna mambo ambayo hata chipu yenyewe haiyajui. Kontrola inaweza kujua kwamba mimi nina uwezo wa kupitisha data kwa laini 8, sawa, lakini aliyechora bodi kaunganisha ngapi? Labda 4. Umeme wa kadi unatoka regulata ipi? Ile swichi ndogo inayohisi kwamba kadi imeingia imeunganishwa pini gani? Ni kama fundi umeme aliyeitwa kwenye nyumba ambayo plasta imeshapigwa, swichi anaiona, taa anaiona, waya gani unaenda wapi ni mpaka mwenye nyumba amletee mchoro.

Mchoro huo kwenye dunia ya kerneli unaitwa divaisi trii. Ni faili la maandishi la kawaida tu, linatafsiriwa na programu inaitwa dtc kuwa faili dogo la .dtb, na butiloda, ile programu inayotangulia kuwaka na kuiita kerneli, inaliweka kwenye memori na kumkabidhi kerneli wakati wa kuwaka. Wazo lenyewe la zamani, lilitoka kwenye Open Firmware, kiwango cha IEEE 1275 cha mwaka 1994, enzi za mashine za Sun na Mac za PowerPC. Upande wa ARM walikuwa hawana habari nalo, kila bodi ikitoka inaandikiwa faili lake la C ndani ya kerneli, bodi zikazidi kumiminika, mafaili yakajaa yanayofanana fanana, mpaka Machi 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akachoka akawatolea uvivu wazi wazi. Baada ya hapo ndo ARM wakahamia divaisi trii kwa kasi.

Tuangalie kipande chake kwa karibu. Hiki nimekitunga mwenyewe, abc ni kampuni ya mfano tu haipo:

mmc@12340000 {
    compatible = "abc,x100-mmc";
    reg = <0x12340000 0x1000>;
    bus-width = <4>;
    cd-gpios = <&gpio 5 1>;
    vmmc-supply = <®_3v3>;
};

Hapo kuna habari tano. Mstari wa compatible unasema hii ni kontrola ya aina gani, ili kerneli ijue draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, ya kuamsha. Mstari wa reg ni anwani na ukubwa wa eneo lake. Halafu bus-width ni laini ngapi za data zimeunganishwa kweli, cd-gpios ni pini ya kuhisi kadi, na vmmc-supply ni umeme unatoka wapi. Kontrola halisi itakuwa na mistari ya intarapti na saa pia, nimeiacha isitujazie ukurasa.

Sasa tatizo. Tuseme aliyeandika alikuwa na usingizi akaandika bus-widht badala ya bus-width. Nini kitatokea? Hakuna kinachotokea, na hiyo ndo shida yenyewe. Dtc haimwambii kitu maana kwake hilo ni jina kama majina mengine, kerneli nayo inatafuta bus-width, haioni, inachukua thamani ya kawaida ambayo ni laini 1. Bodi inawaka, kadi inasomeka, kila mtu anapiga makofi. Ila hesabu yake iko hivi: kwa saa ya MHz 50, yaani mapigo milioni 50 kwa sekunde, laini 4 zinakupa megabaiti 25 kwa sekunde kwa juu kabisa, laini 1 inakupa 6.25. Kuhamisha gigabaiti 8 za muvi ambako kungechukua kama dakika tano na nusu kunakuwa dakika 21 na ushee, na hakuna ujumbe wowote wa kosa popote, mtu anaishia kusema hizi bodi ni slo na kadi zake ni za kichina.

Hapo ndo skima zinapoingia. Zamani maelezo ya mstari gani unaruhusiwa wapi yalikuwa mafaili ya maandishi ya kusomwa na binadamu, na binadamu unamjua. Kuanzia 2018 wakaanza kuyageuza kuwa skima, yaani kanuni zilizoandikwa kwa muundo wa YAML, ambazo mashine inaweza kuzikagua, kwa programu ya Python inaitwa dtschema ambayo mwenyewe ni Rob Herring, mmoja wa wasimamizi wakuu wa eneo hili. Skima ya kontrola ya memori kadi inasema bus-width lazima iwe 1, 4 au 8, ukiandika 3 imekula kwako, na mwisho wa skima kuna mstari unaosema unevaluatedProperties: false, maana yake chochote ambacho hakijatajwa hapa wala kwenye skima mama, kikatae. Lile bus-widht letu linadakwa hapohapo kabla bodi haijawashwa. Ukiandika make dt_binding_check unakagua skima yenyewe pamoja na mfano uliomo ndani yake, ukiandika make dtbs_check unakagua mafaili ya bodi kwa kutumia skima hizo.

Kwa hiyo mashine inakagua, kwa nini basi bado kuna watu wanakaa kupitia skima moja moja kwa macho, na kwa ukali ule? Maana ukituma skima ya kontrola mpya, Herring na wasimamizi wenzake Krzysztof Kozlowski na Conor Dooley wanaweza kukurudishia mara kadhaa kwa jambo ambalo wewe unaliona dogo mno, na wageni wengi wanachukulia ni roho mbaya.

Roho mbaya sio. Kinachoandikwa kwenye skima hakifutiki kirahisi. Lile faili la .dtb wakati mwingine linakaa na butiloda kwenye flashi ya kifaa, mtu anabadilisha kerneli miaka kadhaa baadae lakini .dtb ni ileile ya siku kifaa kilipotoka kiwandani, kwa hiyo kerneli mpya inatakiwa iisome ya zamani bila kulalamika. Draiva ukiikosea mwezi ujao unairekebisha, jina ulilolikosea kwenye skima litaishi kwenye vifaa vya watu mpaka vife. Na wanaosoma sio Linux peke yake, butiloda ya U-Boot inasoma, mfumo wa FreeBSD unasoma, ndo maana skima mpya zinatakiwa ziwe na leseni mbili, GPL na BSD, ili wote wazitumie kwa amani.

Kutoka hapo maswali yao yote yanaeleweka. La kwanza na ndo linaloangusha wengi: hiki ulichoandika ni hadwea au ni matakwa ya draiva yako? Mtu anaongeza mstari kama abc,tumia-dma-ya-pili, anaulizwa kwa nini bodi ichague hilo, si draiva ndo inatakiwa iamue yenyewe kwa kuangalia aina ya chipu? Futa. Mimi hapa naona wako sahihi kabisa hata kama inauma, maana mfumo mwingine wa uendeshaji hauna hiyo draiva yako na huo mstari kwao ni kelele tu.

La pili ni jina la kwenye compatible. Watu wanapenda kuandika abc,x1xx-mmc ili jina moja lifunike chipu zote za familia, hilo wanakataa. Wanataka jina la chipu kamili, na kama x200 inafanana na x100 basi unaandika yote mawili, "abc,x200-mmc", "abc,x100-mmc", ya kwake mbele na ya ndugu yake nyuma. Faida yake ni kwamba kerneli ya zamani isiyoijua x200 itatumia draiva ya x100 na mambo yataenda, halafu siku ikigundulika x200 ina ugonjwa wake peke yake, jina lipo, unaitibu yenyewe bila kugusa wengine. Kwa ile ya xx ungeshikia wapi?

Mengine ya harakaharaka: usibuni abc,idadi-ya-laini wakati bus-width ipo, na ukiandika muda au volti weka kipimo kwenye jina, -ms, -us, -microvolt, maana 20 peke yake ni 20 ya nini.

Ila ninayoipenda zaidi ni ile ya loki ya kadi. Wanaoshinda na kamera hapa Arusha, waongoza watalii na wapiga picha, wanaijua ile SD kubwa yenye kidude cha kusogeza pembeni, ukikishusha kamera inakuambia kadi imefungwa. Kidude chenyewe ni plastiki tu, hakigusi chochote ndani ya kadi, swichi iko kwenye sloti ndo inahisi kimekaa juu au chini na kupeleka taarifa kwenye pini. Kadi ndogo ya microSD haina hicho kidude kabisa. Sasa kontrola nyingi zina pini ya kusikiliza hiyo loki, mchora bodi ya microSD hakuiunganisha na kitu, pini inaning'inia hewani, kerneli ikiisoma inaweza kuona kadi imefungwa na ikakataa kuandika. Dawa ni neno moja kwenye divaisi trii, disable-wp, yaani hapa laini ya loki haipo usiisome. Na kuna mwenzake no-1-8-v, linalosema bodi hii haiwezi kuipa kadi volti 1.8 hata kama kontrola inadai inaweza. Bila neno hilo kerneli inaweza kujaribu zile spidi kubwa za UHS ambazo zinatumia volti 1.8 kwenye laini, na kadi ikagoma. Chipu inasema ukweli wake, bodi ina ukweli wake, na kerneli inabidi imsikilize wa pili.

Ukitaka kuona kwa macho yako, kama una Raspberry Pi andika dtc -I fs -O dts /proc/device-tree, itakumwagia mchoro mzima kama kerneli ilivyopewa, tafuta mistari inayoanza na mmc@. Halafu andika sudo cat /sys/kernel/debug/mmc0/ios uone kerneli na kadi wamekubaliana nini hasa, saa, volti na laini. Ukikuta imeandikwa bus width: 2 (4 bits) usishtuke, ile 2 ni namba ya ndani ya kerneli, laini ni nne kama ilivyo kwenye mabano. Ikiwa ni sloti ya kadi na kwenye mabano kuna 1, rudi kwenye ule mchoro uangalie kama mstari wa bus-width upo na umeandikwa sawasawa.