Kushtuka si Kuogopa

Nimeusoma tena uchambuzi wa filamu ya kutisha wa aina ileile: "Picha mbovu, sikushtuka hata mara moja." Jamani, tutofautishe. Mlango ukibamizwa nyuma yako, wewe utaruka, hata kama unamenya vitunguu. Huo ni mwili tu. Hofu huja ukijua kuna jambo, hujui liko wapi, na unalazimika kungoja. Mhariri yeyote akiwa na ukimya wa sekunde chache na kishindo kimoja atakushtua.

Chukua Cat People ya 1942, filamu kuhusu mwanamke anayegeuka chui, iliyoongozwa na Jacques Tourneur, mtayarishaji akiwa Val Lewton. Alice anatembea peke yake usiku, viatu vya mwanamke huyo vikigonga nyuma yake. Ghafla vile vya nyuma vinanyamaza. Alice anakaza mwendo, anageuka, haoni mtu. Kisha basi linaingia kwenye fremu, breki zikifoka kama mnyama. Kila mtu analitaja basi. Lakini basi ni la mara moja tu. Hofu ilianza pale viatu viliponyamaza, kwa sababu anayekufuata amevua ubinadamu wake na wewe hujaonyeshwa. Ukitaka ushahidi, nenda kwenye onyesho la bwawa la kuogelea katika filamu hiyohiyo: vivuli vya maji ukutani, mngurumo unaorudi kwa mwangwi, hakuna shambulio lolote. Hapo hakuna basi, na hapo ndipo inapotisha zaidi.

Kwa hiyo ukichambua, mara ya kwanza tazama bila kusimamisha, taa zimezimwa. Spika ya simu inameza besi, na chumba chenye mwanga kinafuta vivuli. Ukitazama hivyo usiilaumu filamu. Na kama uliitazama ikiwa imetafsiriwa, msimulizi akizungumza juu yake, ukimya wote umezibwa, basi usiandike chochote kuhusu sauti. Mara ya pili rudia onyesho bila sauti, kisha sikiliza umefumba macho. Kama hofu inabaki kwenye picha pekee, sifa ni ya kamera na mwanga. Kama inabaki masikioni, andika ni sauti gani hasa na inakatika wapi. Kama haibaki popote isipokuwa kwenye kishindo, umeshtuliwa, basi.

Kipimo hiki kina kasoro. Bwawa lile bila sauti linapoteza nusu ya nguvu yake, na bado ni kazi bora. Mara ya pili pia unajua kinachokuja, hivyo hofu imeshapungua kabla hujaipima. Tena kuna mshtuko unaopandwa mapema kwa makusudi, ukakufanya uogope kila korido inayofuata. Huo niuweke upande gani? Naegemea kuuhesabu kuwa ni hofu, ila mpaka wenyewe sijaweza kuuchora.